Kupima Masizi Angani kwa Ndege Zisizo na Rubani: Kampeni ya Maldivi ya Mwaka 2006

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamezifahamu ndege zisizo na rubani, yaani droni, kupitia huduma za tiba. Tangu mwaka 2016 zimekuwa zikisafirisha damu na dawa nchini Rwanda hadi katika hospitali zilizo mbali na bohari. Matumizi yake mengine hayajulikani sana, ingawa nayo yanaigusa afya: kupima hewa yenyewe, tabaka kwa tabaka, ili kujua imebeba nini na kitu hicho kinafanya nini huko juu. Makala haya yanaeleza utafiti mmoja wa aina hiyo, uliofanyika katika Visiwa vya Maldivi mwezi Machi 2006.

Kaskazi na utando wa kahawia

Kila mwaka, kati ya Desemba na Machi, kaskazi huvuma juu ya Bahari ya Hindi kutoka upande wa Asia. Kwa karne nyingi upepo huo ndio ulioyaleta majahazi ya Oman, Ghuba na India hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kwa Asia Kusini msimu huo ni mkavu. Mvua ya kuisafisha hewa ni chache, na moshi wa majiko ya kuni na samadi, wa mashamba yanayochomwa, wa viwanda na wa magari hukusanyika, kisha husukumwa baharini.

Mwaka 1999 wanasayansi wa nchi kadhaa walikutana katika kampeni iliyoitwa INDOEX, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan wa Taasisi ya Scripps, California, na Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1995. Walithibitisha kwamba utando wa moshi wenye rangi ya kahawia hutanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa bahari hiyo, na kwamba chini yake nuru ya jua inayoufikia uso wa maji hupungua.

Hapo ndipo lilipozuka swali lililohitaji ndege. Nuru iliyopungua imekwenda wapi? Chembe nyeupe, kama zile za salfeti, huirudisha nuru angani, na matokeo yake ni kuipoza dunia. Masizi ni meusi: huinyonya nuru na kuipasha joto hewa iliyo jirani nayo. Mtu aliyesimama ufukweni na kipimo cha nuru mkononi ataona upungufu tu. Hawezi kujua kama joto limerudi angani au limebaki ndani ya hewa.

Hesabu ya kutoa

Mfano wa tarakimu utasaidia. Umebuniwa kwa ajili ya somo tu. Tuseme juu ya utando nuru ya jua inayoshuka ni wati 700 kwa kila mita mraba, na inayopanda kurudi juu ni wati 60. Chini ya utando inayoshuka ni wati 655, na inayopanda ni wati 45. Juu ya utando, basi, nishati halisi inayoingia ni 640. Chini yake ni 610. Wati 30 zimebaki ndani ya utando. Upungufu wote uliofika chini ni wati 45, na 15 kati ya hizo zimerudishwa angani. Kipimo cha ufukweni kingeiona ile 45 peke yake, na 45 hiyo ingeweza kuwa ya kupoza yote au ya kupasha joto yote.

Kwa hiyo vipimo vinahitajika juu na chini ya tabaka, na kila ndege lazima ipime nuru inayoshuka na inayopanda. Jambo la pili ni gumu zaidi: vipimo hivyo vinahitajika kwa wakati mmoja. Ndege moja ikipima chini kisha ikapanda, itachukua dakika nyingi kufika juu. Katika muda huo jua limesogea, mawingu yamebadilika, na tofauti ndogo ya wati 30 imepotea ndani ya mabadiliko makubwa kuliko yenyewe.

Wauguzi wa kliniki za watoto wanaifahamu hesabu hii kwa njia nyingine. Mtoto asiyetulia kwenye mizani hupimwa akiwa amebebwa na mama yake, kisha mama hupimwa peke yake, na uzito wa mtoto ni tofauti ya namba hizo mbili. Mama na mtoto wakiwa kilo 64.0, na mama peke yake kilo 57.5, mtoto ana kilo 6.5. Lakini mizani ikikosea nusu kilo katika kipimo kimoja, kosa ambalo kwa mama ni dogo mno linakuwa kubwa sana kwa mtoto. Hatari huzidi pale mama anapopimwa kwenye mizani moja na mama na mtoto kwenye mizani nyingine. Ndivyo ilivyo angani. Kosa la asilimia 2 katika wati 700 ni wati 14, karibu nusu ya jibu linalotafutwa. Kwa sababu hiyo, katika utafiti wa namna hii, kazi ya kulinganisha vifaa vya ndege moja na vya nyingine ina uzito sawa na urukaji wenyewe, japokuwa haipigwi picha.

Ndege zenyewe

Ndege kubwa zenye marubani zingeweza kufanya kazi hii, lakini kukodi tatu kwa pamoja na kuzirusha kwa kupangana, moja juu ya nyingine, siku baada ya siku, ni gharama kubwa na ni hatari kwa watu. Kundi la Ramanathan lilichagua ndege ndogo zisizo na rubani za aina ya Manta. Neno droni lisimpotoshe msomaji: hazikuwa vile vyombo vya panga nne vinavyopiga picha harusini. Zilikuwa na mabawa na injini, na zilifuata njia iliyopangwa kwa kompyuta.

Kikwazo kilikuwa mzigo. Ndege ya ukubwa huo hubeba kilo chache tu za vifaa, ilhali vifaa vya maabara vya kuhesabu chembe na kupima masizi vilikuwa vizito mara nyingi zaidi. Ilibidi vitengenezwe upya: vidogo, vyepesi, vinavyotumia umeme kidogo na kustahimili mtikisiko. Tena, ndege yenye injini hutoa moshi wake yenyewe, hivyo mdomo wa kuvuta hewa ya kupimwa lazima uwe mahali usipoweza kufikiwa na moshi huo. La sivyo, mtafiti atapima masizi aliyokwenda nayo.

Uwanja uliochaguliwa ni kisiwa cha Hanimaadhoo, kaskazini mwa Maldivi, ambako tayari kulikuwa na kituo cha kupima hewa ardhini. Ndege moja iliruka chini ya mawingu, katika kimo cha takriban nusu kilomita; ya pili katika kimo cha mawingu, takriban kilomita moja; ya tatu juu yake, takriban kilomita tatu. Kompyuta zilizipanga zipite juu ya eneo lilelile kwa tofauti ya sekunde chache. Safari 18 za namna hiyo zilifanikiwa ndani ya mwezi huo.

Yaliyopatikana

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Agosti 2007. Utando wa moshi ulikuwa umeongeza upashaji joto wa jua katika hewa ya chini kwa takriban asilimia 50. Watafiti walipoingiza vipimo hivyo katika mifano ya hali ya hewa ya kompyuta, waliona kwamba katika Asia mchango wa utando huo katika ongezeko la joto la hewa ya chini unaweza kulingana na ule wa ongezeko la gesi joto. Kwa pamoja, mambo hayo mawili yalitoa ongezeko la nyuzi 0.25 kwa kila miaka kumi, kiasi kinachoweza kutosha kueleza kupungua kwa barafu ya milima ya Himalaya. Ni vyema kutenganisha: asilimia 50 ilitokana na vipimo vya ndege, habari ya Himalaya ilitokana na mfano wa kompyuta uliolishwa vipimo hivyo. Uzito wa ushahidi wa namna hizi mbili si mmoja.

Ndege zilionyesha pia jambo lisiloonekana kutoka ardhini. Kadiri msimu ulivyobadilika, tabaka zenye masizi zilikutwa juu, zikiwa nzito kuliko hewa ya karibu na bahari. Kituo cha ardhini peke yake kingetoa taarifa ya hewa inayozidi kuwa safi.

Kutoka angani hadi kifuani

Kwa daktari, swali linalofuata ni lingine: je, kipimo cha kilomita tatu juu kinamhusu mgonjwa? Kwa upumuaji wake, hapana, si moja kwa moja. Mtu hupumua hewa ya kimo cha pua yake, na mama apikaye kwa kuni hupumua hewa ya jikoni mwake. Kifaa cha kupima kilichobandikwa kwenye nguo ya mama huyo kitaeleza hatari yake vizuri kuliko droni yoyote. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa mapafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, kwa njia ya kiharusi, magonjwa ya moyo, magonjwa sugu ya njia ya hewa, saratani ya mapafu na, kwa watoto wadogo, kichomi. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kikomo linachopendekeza kwa wastani wa mwaka wa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Uhusiano upo kwenye chanzo. Droni zilipima kiasi cha masizi na kazi yake, lakini hazikuweza kusema yametoka jikoni au katika injini za dizeli. Jibu hilo lilipatikana ardhini. Örjan Gustafsson wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wenzake walichunguza kaboni ya chembe zilizonaswa kwenye vichujio, Hanimaadhoo na nchini India. Kuni na samadi zina kaboni ya mionzi, kwa kuwa zimetokana na mimea iliyoishi karibuni. Katika makaa ya mawe na petroli kaboni hiyo imekwisha zamani. Matokeo yao ya mwaka 2009 katika jarida la Science yalionyesha kwamba kati ya karibu nusu na theluthi mbili ya masizi, kutegemea njia ya kuyapima, yalitokana na kuchomwa kwa mimea na samadi.

Moshi unaoumiza kifua cha mpishi, basi, ni sehemu kubwa ya moshi uleule unaoipasha joto hewa ya bahari siku chache baadaye. Na tofauti na gesi ya kaboni dioksidi, ambayo sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi, masizi huoshwa na mvua au kutua ndani ya siku chache hadi wiki chache. Ramanathan mwenyewe aliihamishia kazi yake huko: baada ya kampeni ya droni, yeye na wenzake walianzisha mradi wa Surya kaskazini mwa India, wa kuzipatia familia za kijijini majiko yenye moshi mchache na kupima masizi ndani ya nyumba na nje yake.