SOMO LA MWEZI: ELIMU MAHALI PALIPOGAWANYIKA

(Katibu alisome mbele ya wanachama, kisha lijadiliwe.)

Kanuni ya kwanza ya ushirika ni uanachama ulio wazi kwa wote bila ubaguzi. Ya tano ni elimu. Kanuni hizi mbili hazitengani, kama historia ya Ireland ya Kaskazini inavyoonyesha.

1. Mlango kufunguliwa
Waprotestanti na Wakatoliki wa nchi hiyo wamekaa muda mrefu katika mitaa mbalimbali na kusomesha watoto wao mbalimbali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1947 ilitoa nafasi za sekondari bila ada kwa watoto waliofaulu mtihani, hata wa maskini. Mmoja wao alikuwa John Hume, Mkatoliki wa mji wa Derry, ambao Waprotestanti wengi huuita Londonderry. Alisoma, akawa mwalimu, na mwaka 1960 yeye na wenzake walianzisha huko chama cha akiba na mikopo. Mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na David Trimble, kiongozi wa upande wa pili.

2. Madawati kubaki mbalimbali
Hata hivyo nafasi ziliongezeka bila watoto kukutana. Machafuko yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua watu wapatao 3,500. Mwaka 1981 wazazi wa pande zote mbili hawakungoja serikali. Walifungua Lagan College huko Belfast, ikiwa na wanafunzi 28 tu. Shule za namna hiyo zimeongezeka, lakini mpaka leo watoto walio wengi bado husoma kwa upande wao.

3. Funzo kwa chama
Chama chenye wanachama wa dini, koo au vijiji vinavyotazamana kwa shaka kiangalie Mfuko wake wa Elimu. Kamati ya mfuko itoke pande zote. Sharti za kupata msaada wa ada zibandikwe ubaoni kabla ya maombi kupokewa, na majina ya waliochaguliwa yasomwe mkutanoni pamoja na sababu. Semina zisifanyike kila mara kijiji kimoja. Fedha ikigawanywa gizani, hata mgawo wa haki huonekana wizi, na mwanachama aliyekata tamaa hupeleka mazao yake kwa mlanguzi.

Maswali
(a) Mwaka jana ni watoto wa upande gani waliosaidiwa, na kwa nini?
(b) Ni nani hajapata kuhudhuria semina hata moja?
(c) Chama kitafanya nini kabla ya mkutano mkuu ujao?