Mahindi au Ndengu? Somo la Biashara kwa Mkulima wa Siakago

Kila mvua za Oktoba zinapokaribia, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Mbeere: shamba hili tupande nini? Wengi hupanda mahindi kwa sababu ndicho chakula cha nyumbani, hata pale ambapo mvua huisha kabla hayajabeba. Somo la leo linatumia hesabu ndogo kueleza jambo ambalo wanauchumi hulitumia kueleza biashara ya mataifa.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mkulima wa Siakago ana ekari moja. Akipanda mahindi anapata magunia 4. Akipanda ndengu anapata magunia 4. Mwenzake wa Runyenjes, upande wa juu wenye mvua nyingi, ana ekari moja pia. Mahindi yanampa magunia 20, ndengu magunia 5.

Wa Runyenjes anamshinda mwenzake katika mazao yote mawili. Hiyo huitwa faida kamili: kuzalisha zaidi kwa ardhi au kazi ile ile. Je, wa Siakago hana la kumuuzia?

Analo. Tusiangalie tu kila mmoja anavuna nini, bali anaacha nini. Kwa wa Runyenjes, kila gunia la ndengu linamgharimu magunia 4 ya mahindi ambayo angevuna mahali pale pale. Kwa wa Siakago, gunia la ndengu linamgharimu gunia 1 tu la mahindi. Kwa hiyo ndengu ni rahisi zaidi Siakago, na mahindi ni rahisi zaidi Runyenjes. Hii ndiyo faida linganishi.

Sasa wafanye biashara, gunia 1 la ndengu kwa magunia 2 ya mahindi. Wa Siakago anapanda ndengu tupu, anavuna magunia 4, anauza 2 na kupata mahindi magunia 4. Anabaki na ndengu magunia 2 na mahindi magunia 4. Angegawa shamba nusu kwa nusu, angekuwa na magunia 2 ya ndengu na 2 tu ya mahindi. Wa Runyenjes naye anabaki na mahindi 16 na ndengu 2. Angejipandia hizo ndengu 2 mwenyewe, angebaki na mahindi 12. Wote wamefaidika, na hakuna aliyeongeza hata hatua moja ya shamba.

Adam Smith alizungumzia faida kamili mwaka wa 1776. Mwaka wa 1817, Mwingereza David Ricardo alipiga hatua zaidi. Katika mfano wake, Ureno ilihitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka kutengeneza divai na watu 90 kutengeneza kitambaa. Uingereza ilihitaji watu 120 kwa divai na 100 kwa kitambaa. Ureno ilishinda kote, lakini zote zilinufaika Ureno ikiuza divai na Uingereza ikiuza kitambaa. Ndivyo Kenya inavyonunua mahindi kutoka Uganda na Tanzania, na kuwauzia majirani hao bidhaa za viwanda vyake.

Hata hivyo, hesabu hii ina masharti. Kwanza, soko lazima libaki wazi. Wakulima wa miraa wa Meru walipoteza soko la Uingereza mwaka wa 2014 ilipopigwa marufuku huko. Pili, ubora. Machi 2021, Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya kupimwa. Ndengu zisizokaushwa vizuri haziwezi kutegemewa sokoni. Tatu, usafiri na dalali. Wakila faida yote iliyo kati ya bei mbili, hakuna sababu ya kubadilishana.

Ndiyo maana hatusemi mkulima aache mahindi kabisa. Familia isiyo na akiba inahitaji chakula ghalani iwapo bei itaanguka. Lakini ekari ya mahindi inayokauka kila mwaka ina gharama yake pia: ndengu au mtama ambao ungevunwa hapo.

Zoezi la nyumbani: andika magunia uliyovuna kwa ekari katika misimu mitatu iliyopita, mahindi upande mmoja, ndengu upande mwingine. Gunia moja la ndengu limekugharimu magunia mangapi ya mahindi? Kisha ulizia bei zote mbili sokoni Siakago, ukitoa nauli. Ikiwa gunia la ndengu linanunua mahindi mengi kuliko uliyoyaacha, shamba lako limekwisha kukujibu. Peleka hesabu hiyo kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua mbegu.