SOMO LA SAYANSI: DNA Inavyotumika Kupanga Vimeng'enya Katika Seli za Kuundwa

Anayetafuna kipande cha ugali kwa muda mrefu bila kukimeza huanza kuhisi utamu mdomoni. Utamu huo huletwa na kimeng'enya kilicho kwenye mate, ambacho huvunja wanga kuwa sukari. Mwili una maelfu ya vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake.

Ndani ya seli, vimeng'enya vingi hupokezana kazi. Kinachotolewa na kimoja hutumiwa na kinachofuata, kama majani chai yanavyonyaushwa kiwandani, yakakatwa, kisha yakakaushwa. Wanasayansi wanaounda mifumo inayofanana na seli, kwa mfano viputo vidogo vyenye utando wa mafuta, hujiuliza: je, vimeng'enya vipangwe vipi ndani yake?

Jibu mojawapo ni DNA. Wengi huijua kama kibeba urithi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Hata hivyo, ina sifa nyingine: nyuzi zake hushikana kwa kanuni maalum, A na T, G na C. Kwa kuwa kanuni hiyo haibadiliki, DNA inaweza kutumika kama kifaa cha ujenzi. Wazo hilo lilitolewa na Nadrian Seeman wa Marekani mwaka wa 1982. Mwaka wa 2006, Paul Rothemund alikunja uzi mrefu wa DNA ya kirusi kwa kutumia nyuzi fupi zaidi ya 200, akapata maumbo aliyotaka, hata uso unaotabasamu. Upana wa uso huo ulikuwa takriban nanomita 100. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000.

Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliweka vimeng'enya viwili juu ya kibao cha DNA. Cha kwanza, glukosi oksidezi, hutumia sukari na kutoa haidrojeni peroksaidi. Cha pili, peroksidezi, huitumia kemikali hiyo. Vilipotenganishwa kwa nanomita 10, kazi ilikwenda kwa kasi kubwa. Vilipotenganishwa kwa nanomita 20, kasi ilishuka sana.

Wengi waliamini kwamba ukaribu ndio siri. Lakini mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipinga maelezo hayo. Walionyesha kwamba kemikali inayopokezwa husambaa haraka mno kiasi kwamba umbali mdogo hivyo hauleti tofauti ya kudumu. Kwa maoni yao, DNA huongeza asidi kidogo pale ilipo, na vimeng'enya hivyo viwili hupenda hali hiyo. Kwa hivyo, anayeunda seli hizi hana budi kuangalia mazingira ya kimeng'enya, si mahali kilipowekwa pekee.

Utafiti huu uko karibu na maisha ya wakazi kuliko inavyodhaniwa. Glukosi oksidezi ndicho kimeng'enya kinachotumika katika vikaratasi vingi vya kupimia sukari kwenye damu. Vikaratasi hivyo huharibika kwa joto na unyevu, kwa sababu kimeng'enya hudhoofika. Wanaoishi na kisukari wanashauriwa kuvihifadhi ndani ya kikopo chake kilichofungwa vizuri, mahali pakavu pasipo na joto, na kuangalia tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kupima.