Kutafakari kwa Utulivu na Miili Yetu

Katika somo hili tutazame mwili hufanya nini tunapojawa na wasiwasi, na hufanya nini tunapotulia kutafakari.

Tumfikirie mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, huko Geita. Yumo ndani ya duara, na kifusi kinaanza kuporomoka. Mara hiyo tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli, pumzi huwa fupi fupi. Hilo ni jema, maana humwezesha kujiokoa. Taabu ni kwamba mkewe aliyebaki Shinyanga, akiwaza deni la dukani na mvua iliyochelewa, mwili wake hutenda vivyo hivyo, wala hana pa kukimbilia. Hali hiyo ikidumu, usingizi hupotea na presha huweza kupanda.

Mwaka 1975 daktari Mmarekani, Herbert Benson, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mtu akikaa kimya na kulirudia neno moja, mwili hutumia oksijeni kidogo na moyo hupunguza mwendo. Huko Italia wataalamu waliwapima watu 23, wakatangaza matokeo mwaka 2001: waliposali rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika. (Wengi wetu Waanglikana hatutumii rozari, lakini mapafu hayaulizi dhehebu.) Pumzi ikitolewa taratibu, neva ndefu itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni huutuliza moyo.

Basi tujaribu hivi. Tuketi, mabega yalegee, tuchague mstari mfupi wa Zaburi na kuusema moyoni kila tutoapo pumzi, kwa dakika 10. Mawazo yakitoroka, tuyarudishe pasipo kujikemea. Hata darasani mtoto aliyekemewa mno hakumbuki kitu.

Lakini presha hushuka kidogo tu kwa njia hii. Aliyeandikiwa vidonge asiviache, hata akijisikia mzima. Na yule anayechoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, akiona mikono inatetemeka, usingizi hauji na hasira ziko karibu, asidhani ni mawazo tu. Moshi wa zebaki hudhuru neva, wala kutafakari hakuiondoi mwilini. Aende hospitali mapema, naye asimfiche daktari kazi anayoifanya.