Jirani Ndiye Anayefika Kwanza: Vidokezo kwa Anayetaka Kutoa Huduma ya Kwanza Mtaani

Ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, mama ntilie na vijana wa kuosha magari. Daktari yuko mbali. Kama unataka kuwa mmoja wa hao, na uwe na ujuzi mkononi, anza hivi.

1. Jifunze kwa vitendo. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1962, kina matawi mikoani na hupokea watu wa kujitolea. Kenya kuna Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Si lazima uwe umesomea uuguzi. Video za simu hukumbusha tu. Mikono hujifunza pale mkufunzi anapokusahihisha.

2. Angalia usalama wako kwanza. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota mafuta kwenye lori lililopinduka. Likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mafuta yakimwagika, kazi yako ni kuwarudisha watu nyuma, hata wakikutukana.

3. Damu inayotoka kwa wingi, ibonyeze. Kanga safi inatosha. Gandamiza juu ya jeraha kwa nguvu, wala usiachie kila mara ili uchungulie. Kikilowa kitambaa, ongeza kingine juu yake. Tembea na glovu. Damu ya mtu ikiingia kwenye kidonda chako, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72.

4. Zuia pupa ya kumbeba majeruhi. Kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote, maana wanaokosea wana nia njema. Mtu ameanguka na pikipiki. Huyu anashika mkono, yule mguu, anatupwa ndani ya bajaji. Kama uti wa mgongo umevunjika, hapo ndipo anapoweza kupooza. Ikiwa hakuna moto wala magari yanayomtishia, abaki alipo. Shika kichwa chake kisitikisike, na helmeti usiivue kama anapumua vizuri. Umati utapiga kelele, "Mpakieni haraka!" Usibishane nao, wagawie kazi: wewe simamisha magari, wewe piga simu, nyie wengine sogeeni apate hewa. Watu wakipewa kazi hutulia.

5. Asiyeitika wala kupumua, bonyeza katikati ya kifua. Kwa mtu mzima, kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Utachoka upesi, kwa hiyo mpate wa kupokezana naye.

6. Achana na mazoea yanayoumiza. Mwenye kifafa hawekewi kijiko mdomoni. Mlaze ubavu akitulia, na degedege likizidi dakika 5 apelekwe hospitali. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hanyonywi sumu.

7. Hifadhi namba. Tanzania ni 112, na zimamoto 114. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga aliye hatarini, piga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Kubaliana mapema pia na dereva mmoja wa mtaani mwenye gari, maana usiku wa manane si wakati wa kuanza kutafuta usafiri.

8. Tunza heshima ya mgonjwa. Kama ana fahamu, mwombe ruhusa kabla ya kumgusa. Mfunike. Wanaopiga picha, waambie waache.

Ukishapata mafunzo, mweleze mwenyekiti wa mtaa kwamba upo, na namba yako ibandikwe kwenye ubao wa ofisi yake. Jirani mwenye shida ajue pa kukupata.