Ufuate Mfupa Mpaka Mwisho wa Riwaya

Insha nyingi za wanafunzi juu ya fasihi ya vita vya ukombozi zinafanana. Damu ni kafara, jua linalochomoza ni uhuru, giza ni ukoloni, basi, kalamu inawekwa chini. Uhakiki unaanza pale orodha hiyo inapoishia. Waandishi waliovijua vita vile walizichukua ishara vinywani mwa watu, wakazipeleka mahali ambako kaulimbiu za jukwaani zisingethubutu kufika.

Chukua *Bones* ya Chenjerai Hove wa Zimbabwe, iliyotoka 1988 na kushinda Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kabla ya kuifungua, jiulize mfupa ulikuwa na historia gani kwa Washona. Charwe, mwanamke aliyekuwa kinywa cha mzimu wa Nehanda, alinyongwa na wakoloni 1898 baada ya Chimurenga ya kwanza, yaani vita vya kwanza vya kuwapinga wakoloni hao. Masimulizi yanasema aliahidi kwamba mifupa yake ingefufuka, na wapiganaji wa miaka ya 1970 walijiona wao ndio ufufuo huo. Asiyeijua ahadi hiyo ataona mfupa, ataandika "kifo", na ataikosa riwaya nzima.

Sasa soma ukiwa na daftari. Kila mfupa unapotajwa, andika ukurasa, anayesema, na hali aliyomo. Utagundua kwamba Hove hakuiweka ahadi ile mikononi mwa makamanda. Katikati ya kitabu ipo Marita, kibarua katika shamba la mzungu aitwaye Manyepo, ambaye mwanawe wa pekee alikwenda vitani. Uhuru unafika, mama anasafiri hadi mjini kumtafuta mwanawe, anafia huko, na mwanamke mwingine asiyetajwa jina anahangaika kuuomba mwili wake ili auzike. Katika kitabu hichohicho zinanguruma sauti za mizimu kutoka 1897. Ziweke sauti hizo karibu na maiti ya Marita, kisha uliza: ikiwa mifupa ya taifa imefufuka, mbona mifupa ya mama huyu haina wa kuipokea? Dhamira inazaliwa papo hapo, kati ya kile ishara inachoahidi na hali ya yule anayeibeba.

Na dhamira iandike kwa sentensi kamili. "Ukombozi" ni mada tu. Lakini ukisema "riwaya inadai kwamba uhuru uliojengwa juu ya mifupa ya wanyonge ulisahau kuwazika", umetoa hoja ambayo msomaji mwenzako anaweza kuipinga, nawe utalazimika kuitetea kwa kurasa.

Angalia pia nani anasimulia. Pepetela wa Angola alikuwa mpiganaji wa chama cha ukombozi cha MPLA huko Cabinda, na katika riwaya yake *Mayombe*, iliyochapishwa 1980, anawaachia wapiganaji wapokezane usimulizi, kila mmoja na asili yake na kinyongo chake. Kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba msitu wa Mayombe "ni" kitu kimoja. Teoria, mwalimu aliyezaliwa na baba Mreno na mama Mwafrika, anaupita msitu ule aking'ang'ania kuendelea na safari ingawa goti lake limeumia, kwa sababu anahisi lazima athibitishe kwamba ni mwenzao. Mwingine hana deni hilo. Linganisha msitu wa kila msimulizi, ndipo utaona ukabila ulivyoingia nao vitani.

Kwenye ushairi, tazama kwanza mwaka, kisha nafsineni. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam 1962 na kufundisha wapiganaji wake Nachingwea, kilitoa mkusanyiko wa *Poesia de Combate* mwaka 1971, vita vikiwa vimepamba moto. Mashairi ya aina hiyo husema "sisi", kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutia moyo watu waliokuwa wakifa. Si haki kuyashutumu kwa kukosa mashaka. Freedom Nyamubaya wa Zimbabwe, aliyeacha shule na kujiunga na wapiganaji wa ZANLA 1975, alichapisha *On the Road Again* mwaka 1986, na huyo anaudai uhuru kama mtu aliyeupigania kwa mwili wake mwenyewe. Ukiyasoma mashairi ya pande hizo mbili bila tarehe, utadhani yanabishana, kumbe kati yao pana mpaka wa uhuru.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kutafuta ishara ni kukwepa. Katika *Harvest of Thorns* ya Shimmer Chinodya (1989), kijana Benjamin, ambaye jina lake la vita limebeba laana kwa wasaliti, anampiga hadi kufa mwanamke anayetuhumiwa kusaliti. Unaweza kulichambua jina lile, na unapaswa kufanya hivyo. Kipigo chenyewe usikigeuze kuwa mfano wa jambo lingine. Isome sura hiyo polepole, na katika insha yako mtaje mwanamke huyo kwa jina lake, Mai Tawanda, kabla ya kutaja tuhuma dhidi yake.