Kukwea ukuta bila kamba: Jifunze kuanguka kabla ya kupanda

Huenda, msomaji, ulitazama Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ukaona vijana wakining'inia ukutani mithili ya mijusi, bila kamba kiunoni. Kukwea kuliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo mwaka 2021, na kuta za aina hiyo zimefika hata Nairobi. Je, mtu wa kawaida, anayeshinda ofisini akiwa ameketi, anaweza kuujaribu mchezo huu? Anaweza, bora aanze vizuri.

Ukuta wenyewe huwa na urefu wa mita nne hivi, na chini yake hutandikwa magodoro mazito. Ukutani hufungwa vishikio vya rangi mbalimbali. Vishikio vya rangi moja ndivyo njia moja, nawe huruhusiwi kushika vya rangi nyingine. Kuna njia rahisi kama ngazi na kuna zile ambazo hata mabingwa huzishindwa. Anza na ile rahisi kabisa wala usione haya.

Jambo la kwanza la kujifunza si kupanda bali ni kuanguka. Katika mchezo huu kila mtu huanguka, na majeraha mengi mabaya, hasa ya vifundo vya miguu na vya mikono, hutokea hapo. Panda hatua mbili tu, kisha jiachilie. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjika kidogo, halafu uketi na kubingirika kinyumenyume huku kidevu kikielekea kifuani. Mikono ikunje kifuani. Mtu anayeanguka hutaka kujikinga kwa kiganja nyuma yake, na hivyo ndivyo mkono au kiwiko huvunjika. Rudia zoezi hili mara kumi kabla ya kwenda juu zaidi. Ukifika kileleni, shuka kwa vishikio badala ya kuruka. Kadhalika, usipite wala kuketi chini ya mtu anayekwea, na watoto wasiachwe wakicheza kwenye magodoro.

Kuhusu kupanda kwenyewe, wengi hudhani ni kazi ya mikono. Mara nyingi vijana wenye misuli iliyotuna ndio huchoka mwanzo, kwa sababu hujivuta kwa nguvu kama wanaoteka maji kisimani. Mapaja yako yana nguvu kuliko mikono; yatumie. Weka ncha ya kiatu juu ya kishikio, si katikati ya wayo, sogeza nyonga karibu na ukuta, nyoosha mikono, kisha jisukume kwa miguu. Kabla hujaondoka chini, tazama njia yote na uamue mkono upi utafuata upi.

Sasa tuje kwa vidole, maanake hapa ndipo wanaoanza hujiponza. Misuli hupata nguvu baada ya wiki chache, lakini kano zinazounganisha misuli na mifupa huchukua miezi mingi. Hivyo basi utajiona una nguvu ilhali vidole bado. Kwea mara mbili kwa wiki, ukipumzika siku mbili katikati, na kila mara upashe mwili moto kwa dakika kumi au kumi na tano: zungusha mabega, chuchumaa, kunja na kukunjua vidole. Ule ubao wa kujining'iniza kwa ncha za vidole uache kabisa mwaka wa kwanza. Vijana ambao bado wanakua wajihadhari zaidi, kwani mifupa ya vidole vyao haijakomaa.

Vifaa si vingi. Viatu hukodishwa papo hapo. Chagua vinavyobana bila kuumiza, hata kama rafiki yako atakuambia ni lazima uteseke. Chaki nyeupe hukausha jasho mikononi. Kata kucha na uvue pete zote, hata ya ndoa, kwa sababu pete ikinasa kwenye kishikio mtu akianguka inaweza kuchuna nyama yote ya kidole.

Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza, kwa kuwa kubana kwa nguvu huku umezuia pumzi hupandisha shinikizo. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa, mja mzito, na mwenye maumivu ya mgongo au magoti.

Ngozi ya viganja ikichubuka, ioshe kwa sabuni, uifunge na usubiri ipone. Lakini ukisikia kidole kimelia “ta!”, kikauma upande wa kiganja na kuvimba, shuka mara moja. Usikivute wala kukikanda. Kiwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa, nenda hospitalini kikaguliwe, na usirudi ukutani hadi daktari akuruhusu, hata ikiwa umeshalipia mwezi mzima.